Lehemu Kwenye Damu ya Hironimus

Mdogo wangu Hironimus alikuja kunipokonya birika siku ya Jumatano asubuhi, chai ikiwa bado ndani. Alinipa shikamoo ya mbio mbio, akapita hadi jikoni, akaimimina chai yote kwenye sufuria, kisha akatoka na birika langu mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa barazani na kikombe kitupu. Nilidhani ananitania.

"Unalipeleka wapi?"

"Dada, hili usilitumie tena. Nitakuletea jingine."

"Lina ubaya gani?"

Akaligeuza akanionyesha kitako. Palikuwa na kiraka kidogo cheupe, alichokiweka yeye mwenyewe miaka miwili iliyopita birika lilipotoboka. "Ubaya ndio huu," akasema. "Basi, usiniulize mengi." Akaondoka nalo.

Mimi ni mtu wa kuuliza mengi. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na minne, nimestaafu, mume wangu alishatangulia, watoto wako Mbeya na Dodoma. Kuna vitu viwili vinanikera hapa duniani: mtu kunijibu nusu na mtu kuharibu lugha. Nikisikia kijana anasema "nime-enjoy" nasimama njiani namsahihisha, hata kama simjui. Hapa mtaani kwetu, Mfaranyaki, wananiita Mwalimu Walburga, na wapo ambao wakiniona natokea wanavuka barabara. Najua, nawaona.

Kufikia Ijumaa birika langu lilikuwa limepata wenzake. Hironimus alikuwa amechukua ndoo ya bati ya muuza uji, chujio la jirani yake, na kopo la kuchotea maji la katekista wetu. Vyote hivyo alivitengeneza yeye kwa mkono wake, vingine zaidi ya miaka mitano nyuma. Watu walicheka. Wengine walisema fundi ameingia dini mpya inayokataza vyombo vyenye viraka.

Mimi sikucheka, na sababu ni hii. Tulizaliwa watatu: mimi, Rupert, na Hironimus kitinda mimba. Rupert alianguka shambani kule Matogoro akiwa na miaka hamsini na miwili, jembe mkononi, mtu ambaye hakuwahi kulalamika hata kuumwa kichwa. Wakasema kiharusi. Tulimzika tukabaki tunashangaa, maana alikuwa na nguvu za kubeba gunia la mahindi peke yake. Sasa Hironimus ana hamsini na sita. Mwezi wa nne, parokiani palikuwa na siku ya kupima afya baada ya misa, nikamsukuma akapime. Walimpima presha na sukari, wakamtoa na damu nyingine ya kupeleka maabara. Baada ya wiki moja akaitwa zahanati. Aliporudi nikamuuliza wamekuta nini.

"Kitu kidogo," akasema. "Nimepewa karatasi, nitaifuata. Miezi mitatu ikiisha wanapima tena."

Niliposikia karatasi, roho yangu ilitulia kabisa. Karatasi zile nazijua. Mwaka jana muuguzi wa zahanati hiyo, Leticia, ambaye nilimfundisha darasa la tano, alinijia na maandishi ya ushauri kwa wagonjwa akaniomba niyanyooshe kabla hayajatolewa nakala. Yalikuwa ukurasa na nusu, na kila mstari una "kolestro". Kolestro hii, kolestro ile. Nilikaa nayo siku mbili. Kila palipokuwa na "kolestro" nilipiga mstari nikaweka "lehemu", neno letu wenyewe, lililomo kwenye kamusi. Halafu Leticia alikuwa ameorodhesha vyakula kama mtu anayetumwa sokoni: ngozi ya kuku, nyama ya nguruwe (kitimoto), utumbo, maini, samli, maziwa yasiyoondolewa mafuta. Nikaifuta orodha yote, nikaandika sentensi moja safi: "Epuka vyakula vyenye lehemu nyingi." Ukurasa na nusu ukawa nusu ukurasa.

Leticia aliusoma akasita. "Mwalimu, hili neno lehemu, watu watalielewa?"

"Watalielewa wakilizoea. Na watalizoeaje msipowapa?"

Hakunibishia. Hata darasani hakuwahi kunibishia.

Kwa hiyo niliamini mdogo wangu yuko kwenye mikono salama, yaani mikono yangu. Lakini birika lilikuwa limenitia wasiwasi, na Jumamosi nikashuka hadi kwenye kibanda chake cha ufundi. Hironimus anatengeneza redio, sabufa, chaja, taa za sola, chochote chenye waya. Akiwa na redio iliyokufa mbele yake hasikii njaa wala mvua. Benigna, mkewe, huwa anampelekea chakula na kukirudisha kilevile. Siku hiyo nilikuta dirisha la kibanda limefungwa, naye amekaa nje kwenye benchi, anamwambia mteja apeleke sabufa yake kwa fundi mwingine.

"Siku hizi sichomi," alimwambia.

Mteja akaondoka amenuna. Nikachungulia ndani. Meza ilikuwa tupu, imefutwa vumbi. Kile chuma chake cha kuchomea na kuunga waya kilikuwa kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuning'inizwa juu kabisa ukutani, mbali na mkono.

"Umeacha kazi?"

"Kwa muda."

"Kwa sababu gani?"

"Ugonjwa wa kazi, dada." Akatazama chini. Nilimwonea huruma, nasema kweli, maana mtu huyu bila kazi yake ni nusu mtu.

Nikaenda kwa Benigna, ambaye hana siri. Alikuwa anapepeta mahindi uani. Akaniambia mume wake ana mambo mapya. Asubuhi na jioni anakunywa kikombe kikubwa cha maziwa yanayoletwa kutoka Matogoro, yale ya ng'ombe hasa, yenye utando mnene juu, na utando hautoi, anaula. Anasema maziwa yanafunga sumu tumboni, kwamba wapaka rangi na wachomeleaji wote wanakunywa wakimaliza kazi. Jumapili lazima kitimoto, kwa sababu mwili unaosafishwa unahitaji nguvu.

"Unasafishwa nini?" nikauliza.

"Sijui, wifi. Ila kila asubuhi anajipima."

"Anajipimaje?"

"Njoo kesho kabla ya misa ujionee."

Nilikwenda. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chumbani, mlango wazi, ile mita yake ya kupimia umeme ameiweka mapajani. Waya mwekundu ameubana kwa vidole vya mkono wa kushoto, mweusi kwa mkono wa kulia, na pumzi ameibana pia. Akaisoma namba, akaachia pumzi, akainuka akaiandika kwenye kalenda ya parokia iliyokuwa ukutani. Kalenda nzima ilikuwa na namba, siku kwa siku, tangu mwezi wa nne.

Aliponiona alishtuka, lakini furaha ilimshinda. "Angalia, dada. Inapanda. Wiki hii imepanda kuliko zote."

"Kupanda ndiyo vizuri?"

"Vizuri sana! Ikipanda maana yake umeme unapita kwa shida. Damu inasafika."

Nilielewa kila neno na sikuelewa sentensi hata moja. "Inasafika kutoka kwenye nini?"

Akanishangaa. "Si imeandikwa kwenye karatasi?"

Hapo ndipo ningeuliza. Swali lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini karatasi ni yangu, niliiandika mimi, na sikutaka mdogo wangu anione siijui. "Ndiyo, imeandikwa," nikasema, nikaenda zangu misani. Misa nzima nilikuwa nawaza umeme na damu, na hadi leo siwezi kukuambia padre alihubiri nini.

Wiki zikapita. Baridi ya mwezi wa saba ikaingia, ile inayokausha midomo na kupasua visigino. Hironimus alikuwa ameanza kuota kitambi kidogo na alikuwa mchangamfu. Siku ya kupimwa tena alivaa shati la sikukuu. Siku tatu baadaye Leticia akanipigia simu.

"Mwalimu, shikamoo. Majibu ya fundi yametoka. Si mazuri."

"Marahaba. Si mazuri vipi?"

"Yamepanda kuliko mwanzo. Daktari anataka aanze vidonge leo hii, hasa akikumbuka mlivyompoteza kaka yake. Lakini fundi amekataa. Anasema mashine yetu ni mbovu, yake inaonyesha ameshapona. Anasema hawezi kumeza dawa ya kitu ambacho kimeshatoka mwilini."

"Na karatasi?"

"Anasema anaifuata neno kwa neno, Mwalimu. Mimi nimeshindwa kumwelewa. Naomba uzungumze naye, wewe atakusikiliza."

Nilivaa viatu nikaenda mchana ule ule. Alikuwa amekaa juani, amekasirika, sweta limefungwa hadi shingoni. Sikuanza na maneno mengi. Nikamwambia, "Hironimus, hebu nisomee ile karatasi. Kwa sauti."

Aliitoa kwenye mfuko wa shati, imekunjwa ndani ya plastiki. Akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. "Lehemu ikizidi kwenye damu hujishikiza kwenye kuta za mishipa na kuzuia damu kupita. Epuka vyakula vyenye lehemu nyingi." Akanyanyua uso. "Haya, nimekosea wapi? Mimi nimevuta moshi wake miaka thelathini, dada. Nimeishika kwa vidole hivi hivi nikachukua mkate nikala. Na nyinyi nimewazibia vyombo kwa lehemu. Wewe umekunywa chai yenye lehemu miaka miwili kwa sababu yangu, unafikiri nilikuwa nalala?"

Hapo ikanijia yote kwa pamoja.

Lehemu ya Hironimus ni ule waya mweupe laini unaoyeyuka kwa moto na kuunga chuma kwa chuma. Vijana wa siku hizi wanauita risasi. Lakini yeye alijifunzia ufundi kwenye karakana ya misheni, kwa fundi mzee aliyekuwa anasema lehemu, na akalibeba neno hilo maisha yake yote. Na mimi nalijua! Nimelifundisha! Kulehemu ni kuunga kwa madini yaliyoyeyushwa, andikeni kwenye madaftari yenu. Nililijua neno kwa maana zote mbili, na sikuwahi hata siku moja kuzikalisha kwenye benchi moja.

Ndiyo maana birika. Vyakula vyenye lehemu kwake vilikuwa vyakula vilivyopikwa kwenye vyombo vyenye kiraka. Ndiyo maana mita ya umeme: damu yenye chuma ingepitisha umeme vizuri, na ikisafika umeme ungepita kwa shida. Ndiyo maana maziwa. Mdogo wangu alikuwa amefikiri vizuri sana, hatua kwa hatua, kuanzia neno ambalo nililiweka mimi, na kila hatua ilimpeleka karibu na alikolala Rupert.

Ungedhani nilimwambia hapo hapo. Sikumwambia. Nilisema nimesahau kitu nyumbani, nikaondoka. Niliona aibu, na aibu ya mtu aliyesahihisha wenzake miaka thelathini na minne ni nzito kuibeba.

Nyumbani nilifungua kamusi. Maneno yote mawili yalikuwemo, moja chini ya lingine, lehemu ya kwanza na lehemu ya pili, yamekaa kama mapacha. Sasa udadisi ukanishika juu ya aibu. Kwa nini yafanane? Nani aliamua kwamba kinachounga bati na kinachoziba moyo viitwe jina moja? Kwa kawaida huwa siulizi mtu mambo ya maneno, watu huniuliza mimi. Lakini kuna mzee mmoja wa Tunduru, Abdulhamid, anayeuza korosho na vitenge karibu na stendi, aliyewahi kufundisha madrasa ujana wake. Nikaenda kwake kabla hajafunga duka.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Leo umekuja kunisahihisha nini?"

"Leo nimekuja kuuliza."

Aliacha kupima korosho. "Subhanallah. Kaa basi."

Nikamuuliza kuhusu lehemu. Akafikiri, midomo ikicheza. "Asili yake Kiarabu. Lahmu ni nyama. Nyama unayokula, na nyama ya mwili wako pia. Na kuunga chuma kwa chuma nako kumetoka kwenye mzizi huo huo, maana unavishikamanisha kama kidonda kinavyojifunga, nyama kwa nyama. Nilivyofundishwa mimi ni hivyo, na Allah ndiye ajuaye zaidi."

"Na hii ya kwenye damu?"

"Ipi hiyo?"

"Lehemu. Mafuta yanayoziba mishipa."

"Aa, kolestro!" akasema. "Mama watoto anayo. Daktari amemwachisha chipsi na nazi, nyumba haikaliki."

Nilirudi kwa miguu nikiwa nacheka na kutaka kulia. Mzee aliyesoma Kiarabu, mwenye mzizi wa neno kichwani, naye anasema kolestro. Mji mzima unasema kolestro, wazima na wagonjwa. Neno langu zuri lilikuwa halimfahamishi mtu yeyote isipokuwa mtu mmoja, fundi, na yeye lilimpotosha.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Hironimus na kikombe chake cha maziwa. Nikakichukua mkononi mwake nikakiweka chini.

"Karatasi ile niliiandika mimi," nikasema.

"Najua."

"Unajua?"

"Leticia aliniambia siku ile ile. Alisema, hii imenyooshwa na Mwalimu mwenyewe. Ndiyo maana niliifuata." Akasema hivyo bila lawama yoyote. "Karatasi nyingine ningemuuliza. Hii nilijua dada hawezi kukosea neno. Nikasema, nikiuliza ataniona mjinga tena."

Hilo "tena" liliniuma kuliko yote. Darasa la nne nilimfundisha mimi, na sitaandika hapa niliyokuwa nawaambia watoto walionyoosha mkono kuuliza nilichokwisha eleza.

Nikamweleza. Kwamba hakuna risasi kwenye damu yake. Kwamba ni mafuta, ambayo mengine ini lenyewe linayatengeneza na mengine yanaongezwa na haya haya maziwa yenye utando na ngozi ya kitimoto. Kwamba neno ni moja na vitu ni viwili, na aliyelichagua ni mimi, na orodha ya vyakula ilikuwepo ila niliifuta kwa mkono wangu kwa sababu ilikuwa ndefu.

Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasimama, na sijawahi kumwona amekasirika vile. "Miezi mitatu, dada! Kibanda nimekifunga miezi mitatu! Watu wananicheka, nachukua ndoo zao kama mwehu, usiku silali nawaza nimewatilia sumu wangapi. Kumbe orodha ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Na ulifuta."

"Nilifuta."

Alizunguka uani mara mbili. Benigna alitoka jikoni akatuangalia akarudi ndani. Kisha nikaona uso wa Hironimus unabadilika, ule uso anaokuwa nao mbele ya redio iliyokufa.

"Na mita je? Mita haidanganyi. Mbona imepanda kila wiki?"

Aliingia chumbani akaileta, akakaa, akabana waya kwa vidole akasoma namba. Ilikuwa juu sana. Akavitazama vidole vyake, vimekauka vyeupe kwa baridi, ngozi imechanika kwenye kucha. Akavichovya kwenye kikombe cha maji, akavikung'uta, akabana tena. Namba ikaanguka.

"Ni baridi," akasema kwa sauti ndogo. "Mwezi wa nne ngozi ilikuwa na jasho. Sasa imekauka. Nilikuwa napima baridi."

Maneno yangu yote ya asubuhi ile hayakufanya kazi kama namba ile moja. Akaizima mita. Akaniambia nivae kanga yangu twende kwa Leticia.

Leticia hakutucheka, Mungu ambariki. Alimpa vidonge, kimoja kila jioni, akamwambia asiache hata akijisikia mzima, kwa sababu ugonjwa huu haumwambii mtu kitu hadi siku ya mwisho. Akamrudishia ile orodha kwa mdomo, chakula kimoja kimoja, akaongeza maharage na mboga za majani na kutembea. Hironimus akauliza kama anaweza kurudi kazini. Leticia akasema arudi, ila afungue dirisha akichoma, maana moshi wa risasi nao si mzuri, na birika lililozibwa kwa risasi kweli si la kuchemshia chai.

"Kwa hiyo sikukosea kabisa," akasema, na kidogo akatabasamu.

Kisha Leticia akanigeukia. "Mwalimu, naomba uiandike upya. Lakini safari hii, kabla haijaja kwangu, asome fundi kwanza."

Tulikaa Jumamosi mezani kwangu, yeye na karatasi, mimi na kalamu. Nilikuwa nimerudisha "kolestro" kila mahali na mkono haukukatika. Nilirudisha na orodha. Nilijiona nimejishusha vya kutosha. Hironimus akaanza kusoma.

Kwenye mstari wa pili akasimama. "Hujishikiza kwenye kuta. Kuta zipi?"

"Za mishipa."

"Andika inaganda ndani ya mishipa, kama mafuta ya nyama kwenye sufuria asubuhi."

Niliona sentensi yangu inakufa, lakini nikaandika. Mstari wa nne akasimama tena, na wa tano. Kwenye "mboga za majani" akataka niongeze likolo, maana Benigna na mama zake kule Madaba wanaziita hivyo, na karatasi itafika hadi huko. Nikaongeza. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kijinga, kwa sababu kila alipogusa paliongezeka uwazi na mimi niliona.

Akafika mstari wa tisa. "Tembea nusu saa kila siku kwa mwendo wa wastani." Kidole kikasimama. "Wastani ndio upi?"

"Hata wastani hulijui?" nikasema. "Darasa la saba ulimaliza kwa kufanya nini?"

Lilinitoka tu. Hironimus alishusha macho kwenye karatasi, akasogeza kidole kwenye mstari wa kumi. "Basi dada, naelewa. Tuendelee."

Hakuwa ameelewa. Nilimwona wazi, mtu wa miaka hamsini na sita mwenye mvi, anajifanya ameelewa ili dada yake asipandishe sauti. Ndivyo alivyotoka zahanati mwezi wa nne na karatasi yangu kwenye mfuko wa shati. Nikaiweka kalamu chini.

"Hatuendelei," nikasema. "Hujaelewa. Uliza."

"Nimeelewa."

"Hironimus. Nakuomba, uliza."

Alinitazama, akipima kama ni mtego. Halafu akauliza, lakini hakuuliza kuhusu wastani.

"Nikifuata yote haya, dada. Vidonge, likolo, kutembea. Kitimoto niache. Sitaanguka kama Rupert?"

Nilitafuta sentensi. Ninazo nyingi, za kutia moyo, zilizonyooka, zenye sarufi. Zote nilizozishika zilikuwa za uongo.

"Sijui," nikamwambia.

Nilidhani ataogopa. Badala yake mabega yake yalishuka, akapumua.

"Hilo nimelielewa," akasema. Akairudisha karatasi katikati ya meza, akaweka kidole kwenye neno wastani, akasubiri.